Ndoo ya Kuni

Mara ya kwanza nilipoivisha nyama kwa moshi nyumbani, niliamini kwamba moshi ukionekana kutoka mbali ndiyo dalili ya fundi. Nilikuwa na bega la ng'ombe la kilo 4, jiko la pipa lenye mfuniko, mkaa, na ndoo nzima ya vipande vya kuni ngumu nilivyoviloweka usiku kucha. Kuloweka nilishauriwa na kila mtu. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba ukuni uliolowa hautoi moshi mpaka maji yake yaishe. Kinachotangulia ni mvuke, nao hauna ladha yoyote, unaupooza moto tu.

Saa kumi na mbili asubuhi mkaa ulikuwa umeshika. Nikapanga vipande vinne. Punde ukatoka moshi mweupe, mzito, kama wa mtu anayechoma majani mabichi, nami nikafurahi. Ulipopungua nikatia vitatu. Baada ya saa moja, vitatu tena. Joto likipanda naziba tundu la hewa. Likishuka natupia kuni. Kufikia saa sita mchana ndoo ilikuwa imebaki maji ya kahawia na magome yanayoelea.

Mke wangu alianua nguo zilizokwisha kukauka, akazirudisha kwenye beseni bila kusema neno. Hapo ningeshtuka.

Jioni nyama ikatoka nyeusi tii, inang'aa kama iliyopakwa lami. Rangi hiyo niliisifu sana. Shemeji ndiye aliyetangulia kuonja. Akatafuna, akanyamaza, akapitisha ulimi kwenye meno.

"Shemeji, mbona ulimi unakufa ganzi?"

Nikaonja. Uchungu ulinishika kooni, kisha ncha ya ulimi ikafa ganzi kweli.

"Imeungua?" mke wangu akauliza.

"Haijaungua," shemeji akasema. "Imevutishwa sigara."

Tuliukata ukoko wote tukautupa. Iliyobaki ililiwa kwa adabu, na kwa maji mengi.

Niliumia, nikaanza kudadisi. Kumbe kuni zilikuwa nyingi, na zaidi ya hapo nilizinyima hewa. Ukuni usiopata hewa ya kutosha hufuka tu, na moshi wake mweupe hubeba masizi na mafuta machungu yanayoganda juu ya nyama. Ukuni mkavu wenye hewa hutoa moshi mwembamba wa rangi ya samawati, ambao wakati mwingine huuoni mpaka uinamishe kichwa na kuutazama kwa upande. Kisha kuna jambo ambalo hadi leo naona aibu kulisema: joto la kuivisha ni kazi ya mkaa. Kuni ni za harufu. Nami nilikuwa napikia harufu!

Tena nyama huupokea moshi vizuri zaidi mwanzoni, ikiwa bado ya baridi na uso wake una unyevu. Ule utepe mwekundu unaouona chini ya ukoko ukiikata huacha kukua nyama ikikaribia nyuzi 60. Vile vipande vyangu vya saa tano, basi, vilikuja kuongeza uchungu tu.

Wiki mbili baadaye nikarudia, bega la ukubwa uleule. Safari hii vipande vilikuwa vitatu, vikavu, kila kimoja kama ngumi, nimevifukia kwenye mkaa kwa kuachanisha ili vishike kwa zamu. Tundu la juu niliacha wazi kabisa, joto nikalirekebisha kwa la chini, likatulia kati ya nyuzi 110 na 120.

Saa tatu asubuhi moshi ukapotea machoni. Harufu ilikuwepo, lakini jicho halikuridhika, na mkono ukaanza kuniwasha. Nikasema kimoja tu, kidogo. Nilipogeuka, nikamkuta shemeji ameifunika ndoo ya kuni na kuikalia, anachezea simu.

"Nikuletee kiti, shemeji?"

"Hapa panatosha," akanijibu, hata macho hakuinua.