Sentro loki ikigoma mlango mmoja, usikimbilie mota

Magari mengi yenye tatizo la sentro loki, ule mfumo wa kufunga milango yote kwa pamoja, huletwa kwangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, yakiwa na mota mpya ya loki tayari kwenye mfuko. Mara nyingi ile ya zamani haina kosa. Waya imekatikia ndani ya raba inayotoka kwenye bodi kuingia mlangoni, hasa mlango wa dereva, maana ndio unaofunguliwa kuliko yote.

Milango yote ikiwa kimya naanza na fyuzi. Kwenye Toyota nyingi imeandikwa DOOR. Ukibadilisha ikaungua tena, usipandishe ampea: mara nyingi kuna waya iliyochubuka inagusa bodi.

Ukigoma mmoja, nafungua kava lake. Skrubu moja hujificha nyuma ya kitasa cha ndani, nyingine kwenye mshikio. Kwenye plagi ya mota ya waya mbili naweka balbu ya wati 5 katikati ya waya hizo, mtu anabonyeza swichi. Umeme wake ni mpigo tu, haufiki sekunde moja, na wakati wa kufungua chanya na hasi hubadilishana. Multimita (kipima umeme) ya kawaida huchelewa kuuona, balbu haichelewi. Ikiwaka na mota haisogei, mota imekwisha. Mota isiyofanya kazi hadi mlango ugongwe, kaboni zake (vipande vinavyopitisha umeme ndani yake) zimelika, na baridi ya Julai ya kule Uyole huimalizia kabisa.

Balbu isipowaka, chomoa raba. Kwa macho waya zote zitaonekana nzima, kwa hiyo vuta moja moja taratibu: inayorefuka kama mpira imekatika ndani ya ganda.

Kosa la wengi ni kusokota na kupiga tepu palepale panapokunjwa. Hata kuunga kwa risasi ya kuchomelea hakufai pale. Waya inakuwa ngumu na kukatika kando ya kiungo. Naunga kipande kipya cha waya laini ya nyuzi nyingi, milimita za mraba 0.75, kirefu kiasi cha viungo kukaa nje ya raba pande zote mbili. Navipishanisha sentimita 3, la sivyo fungu linavimba na raba hairudi.

Milango ikijifunga kisha kujifungua papo hapo, angalia swichi ndogo ndani ya loki ya dereva. Kontroli (kifaa kinachoendesha loki zote) haipati taarifa kwamba mlango umefunga.

Kabla ya kurudisha kava, bandika upya ile nailoni inayoziba mlango nyuma ya kava na uzibue matundu ya chini ya mlango. Mvua ya Mbeya hupitia pembeni mwa kioo, na maji yakikosa pa kutokea yanaishia kwenye plagi uliyotoka kuitengeneza.