Ule mto wa Ezekieli 47

Jamani wiki hii nimekwama kwenye Ezekieli 47 na sitoki. Miaka yote nilikuwa nasoma ule mto ambao nabii Ezekieli anauona kwenye maono, unaotoka chini ya kizingiti cha hekalu naona tu ni baraka, basi, nafunga Biblia. Juzi usiku nikarudia polepole, yule mtu mwenye kamba anapima dhiraa 1000 maji ya vifundo vya miguu, 1000 tena magotini, 1000 tena kiunoni, halafu huwezi kuvuka mpaka uogelee, na hakuna mto mwingine hata mmoja unaoingia pale! Nchi yenyewe sasa, maji yanashuka bonde la Araba mpaka kwenye Bahari ya Chumvi, yaani ziwa lenye chumvi karibu mara 10 ya bahari ya kawaida, samaki haishi humo, halafu nabii anaona wavuvi wanaanika nyavu kuanzia Engedi, hapo hapo ufukweni mwake. Nikaweka Biblia chini nikalia kidogo.

Najua wengine wanasema ni mto halisi utakuja kutokea, siwapingi, ila mimi naona ni uhai wa Mungu unaingia mahali watu walishakata tamaa. Maana hata kwenye Ufunuo 17:15 malaika mwenyewe anafafanua kwamba maji ni watu na mataifa, kwa hiyo maono huwa yanasema kwa picha.

Kinachonisumbua ni mstari wa 11, yale madimbwi na matope hayaponywi, yanabaki chumvi. Mnauelewaje nyie huo mstari?