Aliyeshushwa na Mvua

Assalaam alaykum ndugu zangu katika imani.

Mvua ya vuli imetunyeshea usiku kucha hapa Lamu. Niliporudi msikitini alfajiri nilimkuta ndege mgeni kwenye mkomamanga wa uani, mdogo, amerowa, amejikunyata. Jina lake silijui. Nimekaa kumtazama hadi chai ikapoa.

Ndege waimbao wanaotujia kutoka Ulaya na Asia wengi wao husafiri usiku. Hungoja upepo wa kuwasukuma kwa nyuma, maana wa mbisho humaliza mafuta yote waliyojiwekea mwilini, na wengine hawafiki hata gramu 15! Wakikutwa na mvua au ukungu njiani, hushuka popote penye mti. Kule Ngulia, Tsavo Magharibi, usiku wa ukungu usio na mbalamwezi, Novemba na Desemba, hushuka kwa wingi wakivutwa na taa za hoteli. Tangu 1969 watu huwanasa kwa nyavu, wakawavisha pete mguuni na kuwaachia waendelee na safari.

Marehemu baba alikuwa nahodha. Mwaka mmoja kusi lilituzuia Faza siku tatu, mwezi wa Julai, nami mtoto nikilia nataka nyumbani. Yeye alishona tanga, akasali na wenyeji, akala walichotuletea. Sikumsikia hata mara moja akisema tumechelewa.

Katika Suratul Mulk, aya ya 19, Mwenyezi Mungu anatuuliza kama hatuwaoni ndege juu yetu wakikunjua mbawa na kuzikunja, hakuna anayewashika ila Mwingi wa Rehema. Miaka yote nimeisoma aya hii nikimfikiria ndege aliye angani. Leo nimemfikiria huyu wa mkomamanga. Aliyemshika juu ya bahari ndiye aliyemshusha kwenye tawi letu, na wadudu wa kumlisha wamejaa majanini kwa mvua hiyohiyo.

Tuna wenzetu waliokwama: huyu kwa maradhi, yule kwa kazi iliyokatika. Tukikutana nao barazani twawauliza tu, "Utaanza lini tena?" Mimi pia nimeuliza hivyo, na naomba radhi. Wiki hii tuwapelekee chakula, tukae nao, swali hilo tuliache.

Paka nimemfungia ndani, na watoto nimewaambia wapitie mlango wa mbele. Sasa ni adhuhuri. Mvua haijakatika, na mgeni wetu bado yupo.