Kutoa Pumzi Katika Mkondo wa Nungwi

Mtu akikuona umeshikwa na woga hukwambia, "Vuta pumzi!" Nami nilikuwa nikivuta. Boti ya kwenda kwetu Pemba ikishaingia mkondo wa Nungwi, kaskazini mwa Unguja, navuta, navuta tena, na hali inazidi: kichwa chepesi, moyo mbio, vidole ganzi.

Woga huu una chanzo. Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama njiani kwenda Pemba, na Julai 2012 Skagit ikazama karibu na Chumbe. Sikuwamo katika meli zote mbili, lakini misiba ile iliingia majumbani mwetu, na mwili wangu haukuyasahau.

Daktari wa saikolojia ninayemwona hapa Unguja, mama mtu mzima, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Mwanangu, kuvuta unakujua. Tukufundishe kutoa." Akanieleza kuwa pumzi kubwa za haraka hupunguza mno kaboni dioksaidi kwenye damu, na ndipo ganzi na kizunguzungu vinapotokea. Tena moyo hupunguza mwendo mtu anapotoa pumzi, si anapovuta. Laiti ningeyajua haya zamani! Sasa navuta kidogo kwa tumbo, natoa taratibu, kwa muda mrefu zaidi.

Baadaye tukaingia kwenye misuli. Njia hii ilianzishwa na daktari Mmarekani, Edmund Jacobson, aliyeitolea kitabu mwaka 1929: unakaza kiungo kwa sekunde chache, unakiachia, unasikiliza tofauti. Ngumi, mabega, taya, tumbo, mpaka nyayo. Nafanya baada ya sala ya Isha, juu ya mkeka, mlango nimeurudisha. Taya ndiyo iliyonishangaza. Kumbe nilikuwa nikiiuma kutwa nzima, hata nikiwa dukani napima mchele. Mwanzoni kulegea kwenyewe kulinitia hofu. Daktari akasema huwapata baadhi ya watu, nifumbue macho na nianze na miguu tu.

Alilosisitiza zaidi ni kwamba mazoezi hufanywa siku za utulivu. Anayesubiri mawimbi ndipo ajifunze kulegea amechelewa. Kwa hiyo tulilifupisha zoezi hatua kwa hatua: kwanza kukaza na kuachia, halafu kuachia tu, halafu kutoa pumzi huku nikisema "salama" moyoni. Kwa hilo la mwisho sasa nahitaji chini ya nusu dakika, na nalifanya popote, hata ndani ya daladala. Dua ya safari naisoma kama kawaida. Daktari hakuniambia niiache, na nisingeiacha.

Safari ya Idi, tulipoipita Tumbatu mabega yalianza kupanda. Niliyahisi mapema, nikayashusha, nikatoa pumzi. Woga ulikuja, lakini vidole havikufa ganzi, na niliweza kumshikia mwanawe mama mmoja aliyekuwa akitapika. Safari ijayo tumekubaliana na daktari nisikae tena karibu na mlango. Nitakaa juu, nje, upande unaoonesha bahari.