Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi wa Nakshi za Mawe, Bagamoyo

Saa 1 asubuhi huwa nimeshafika mbele ya jengo, kwa sababu uso wake unaelekea baharini, na jua la mapema linaloupiga ukuta kwa ubavu huonyesha kila ufa na kila uvimbe ambao mchana hauonekani tena. Ni jengo la umma la Mji Mkongwe wa Bagamoyo, na juu ya mlango wake umepita ukanda wa nakshi za maua, mnyororo na kamba iliyosokotwa, zote zimechongwa katika mawe ya matumbawe. Huo ndio ninaoukarabati.

Saa 2 ninagonga jiwe baada ya jiwe kwa mpini wa nyundo, na mwanafunzi wangu anatia alama ya mkaa kila panapotoa sauti ya uwazi.

Saa 3 hadi saa 6 ni za kuondoa saruji, na ndiyo kazi inayonila nguvu kuliko zote. Waliokarabati kabla yetu waliziba nyufa kwa saruji wakidhani wameuimarisha ukuta. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi, hivyo hunyonya unyevu wa ardhini pamoja na chumvi yake. Lipu ya chokaa huuachia unyevu ule utoke, lakini saruji huuzuia, nao hutafuta njia kupitia jiwe lenyewe. Maji yakikauka, chumvi hugandamana ndani ya vitundu na kuubandua uso wa jiwe pamoja na ua lililochongwa juu yake. Nimeona kipande cha saruji kikiwa kizima kabisa, na nakshi iliyo pembeni yake imekuwa unga. Hiyo ni dhuluma kwa fundi aliyetutangulia, na siwezi kuitaja kwa jina jepesi zaidi. Ninatumia patasi nyembamba, kidogo kidogo, na mahali saruji imeshikana na petali ninaiacha hadi nipate mwanga mzuri. Anayetilia shaka nguvu ya chokaa na aende Kaole, kilomita chache kusini mwa mji, akaangalie makaburi na misikiti iliyojengwa karne nyingi kabla saruji haijafika pwani hii.

Saa 7, baada ya swala ya adhuhuri, tunakula wali na samaki upesi.

Saa 8 akapita kijana mtumishi wa ofisi.

“Shikamoo, fundi. Kwa nini tusiweke sanamu za simba hapa juu, kama za Ulaya?”

“Marahaba, mwanangu. Mafundi wa pwani, kwa imani yao ya Kiislamu, waliepuka kuchonga viumbe hai, wakaumaliza ustadi wao katika maua na mistari.”

Nikamweleza kuhusu ukumbi wa jiji la Bremen, Ujerumani, ambao mbele yake zimesimama sanamu za kaizari na wakuu saba waliokuwa na haki ya kumchagua, zilizochongwa mwanzoni mwa karne ya 15. Zinazoonekana ukutani leo ni nakala, kwani za asili zimehifadhiwa makumbusho. Sisi nakshi zetu ni sehemu ya ukuta wenyewe, hatuwezi kuzihamishia ndani, kwa hiyo hatuna budi kuzitunza papo hapo zilipo.

Saa 9 ninachonga ua la kujazia lililopotea. Wazee walikata tumbawe baharini likiwa bado laini, wakalichonga kabla halijakauka na kuwa gumu. Siku hizi kukata matumbawe hai ni marufuku, na ni haki iwe hivyo. Mimi natumia mawe ya kuta zilizoanguka, ambayo ni magumu na yanataka subira. Ukingoni ninachonga mwaka, ili fundi wa baadaye asilichanganye na la kale.

Saa 11 tunafunika chokaa mbichi kwa magunia yaliyoloweshwa, maana ikikauka haraka hupasuka. Kesho mwanafunzi ataanza upande wa kaskazini, ambako saruji ni nene zaidi, na nimemwagiza asiguse ua la mwisho mpaka nifike.