Uhuru wetu na Wagalatia 5

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Leo Desemba 9 nimetoka ibada ya asubuhi moyo ukiwa umejaa. Somo lilikuwa Wagalatia 5:13: "Mliitwa mpate uhuru, lakini uhuru wenu usiwe sababu ya kuufuata mwili, bali tumikianeni kwa upendo."

Nikamkumbuka Mwalimu Nyerere. Mwaka 1959, hata uhuru wenyewe haujapatikana, alisema tungependa kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Mlima Kilimanjaro, ulete tumaini pasipo na matumaini, upendo penye chuki na heshima penye dharau. Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, Luteni Alexander Nyirenda akaupandisha kweli, pamoja na bendera mpya.

Angalieni, Mwalimu hakuahidi utajiri. Alitaja tumaini, upendo na heshima, na mimi humo naisikia Injili kabisa. Mkoloni aliondoka, lakini mama mjane bado anazungushwa ofisini, njoo kesho, njoo keshokutwa, mpaka "achangamke", yaani atoe rushwa. Anayemzungusha Jumapili anaimba kwaya. Hilo linaniumiza sana, kwa sababu Paulo hakuandika kwa wapagani, aliandika kwa kanisa.

Jumamosi jumuiya yetu inakwenda kuwaona mahabusu. Tunakusanya sabuni, kandambili na Biblia. Ndugu zetu wengine wamekaa mle muda mrefu wakisubiri kesi tu. Mwenye chochote alete kabla ya Ijumaa jioni, hata mche mmoja wa sabuni.