Dakika 18 zinamtosha nani?

Nitangulize kabisa kwamba mi ni mpenzi wa hotuba za TED, zile fupi fupi mtu anasimama kwenye zulia jekundu la duara, maiki imebanwa shavuni, anaongea dakika kumi na kitu na wewe unabaki umeduwaa. Nazisikiliza nikipiga pasi, nikiwa kwenye foleni ya benki, nikipika, na bando la usiku likianza nadauniodi zingine za kesho yake. Ila kadiri ninavyosikiliza naona kuna kitu kimoja kinazitenga zile zinazobaki kichwani na zile zinazoyeyuka kabla hata chai haijapoa, na kitu chenyewe wala sio ufundi wa kuongea. Ni kwamba msemaji kuna kitu alikifanya kweli kabla ya kupanda pale, au amekuja tu na kanuni ya kutugawia.

Historia haraka haraka kwa wasioijua. TED ilianza kama mkutano 1984 huko Monterey, California, waanzilishi ni Richard Saul Wurman na Harry Marks, wakala hasara na ikabidi wasubiri mpaka 1990 ndo wakarudia. Mwaka 2001 ikachukuliwa na Chris Anderson, na 2006 wakaanza kuziweka video bure mtandaoni, hapo ndo dunia nzima ikaingia. Sheria ni dakika 18 mwisho, uwe profesa uwe bilionea. Na mi hiyo sheria naipenda sana, maana sisi huku mgeni rasmi anaweza kumaliza dakika 18 anatambua tu waliopo meza kuu.

Sasa angalia kijana anayeitwa Richard Turere, Mmaasai wa Kenya, alipanda pale 2013 akiwa na miaka 13. Kwao ni kusini mwa hifadhi ya taifa ya Nairobi, upande ambao hauna uzio, pundamilia wakitoka simba nao wanatoka nyuma yao na wakifika kwenye maboma wanakula ng'ombe. Dogo ndo alikuwa na kazi ya kulinda ng'ombe wa baba yake. Hakuja kutuambia tuamini ndoto zetu, alikuja kutuhesabia alivyokuwa anashindwa. Kwanza aliwasha moto, kumbe moto unamsaidia simba kuona vizuri ndani ya zizi. Akasimamisha sanamu la kutishia, siku ya kwanza simba akaja akaliona akarudi, siku ya pili akaona mbona hili halisogei, akaruka ndani akaua. Halafu usiku mmoja dogo akawa anazunguka zizi na tochi na simba hawakuja, hapo akashtuka kwamba simba anaogopa mwanga unaotembea. Basi akachukua betri kuukuu ya gari, paneli ya sola ya kuichaji, swichi, kile kidude cha pikipiki kinachofanya indiketa iwake na kuzimika, na balbu za tochi mbovu, akazifunga kuzunguka zizi zikiangalia nje. Taa zinawaka kwa zamu, simba anadhani kuna mtu anazunguka kumbe mwenyewe kalala zake ndani. Mambo ya umeme alijifunza kwa kufumua vitu, ikiwemo redio mpya ya mama yake, na mama alikasirika kama ambavyo mama yeyote wa huku angekasirika.

Hiyo hotuba ni fupi kuliko hata muda wa kuchemsha maharage na nimeielewa kiasi kwamba naweza kukuchorea huo mfumo kwenye karatasi. Ndo kipimo changu siku hizi, nikimaliza kusikiliza naweza kumweleza mtu kitu kilivyofanyika au nimebaki na hisia nzuri tu?

Watu wengi hawajui kwamba moja ya mikutano yao mikubwa ilifanyika hapa hapa kwetu, Arusha, Juni 2007. Pale ndo alipopandishwa William Kamkwamba wa Malawi, wakati huo ana miaka 19. Njaa ya 2001 na 2002 iliwapiga, nyumbani ikakosekana ada, akatoka shule, akawa anaenda maktaba ya shule ya msingi kuangalia picha za vitabu, akaona mashine ya kufua umeme kwa upepo, akaiunda kwa fremu ya baiskeli, feni ya trekta na mabomba ya plastiki. Kwenye stejini Kiingereza kilimkimbia kabisa kwa woga, aliongea dakika chache mno, anajibu maswali ya Anderson kwa sentensi mbili tatu. Kwa vigezo vya hawa wanaotufundisha kuongea mbele za watu alifeli. Na ukumbi ulimshangilia kuliko wengi waliokuja na slaidi zao.

Mkutano huo huo Andrew Mwenda, mwandishi wa habari wa Uganda, alisimama akaiponda misaada ya nje, na Bono yule mwanamuziki alikuwa amekaa ukumbini akaanza kumpinga kwa sauti. Yaani raha tupu! Halafu mwishoni akaja Ngozi Okonjo-Iweala, aliyekuwa waziri wa fedha wa Nigeria, akasimulia enzi za vita ya Biafra, ile ya wenyewe kwa wenyewe kwao Nigeria, yeye ana miaka 15, mdogo wake wa miaka mitatu ana malaria kali, akambeba mgongoni akatembea kama kilomita 10 hadi kwa daktari, akakuta umati umejaa mlangoni, akajipenyeza akapanda dirishani, mtoto akachomwa sindano ya klorokwini akapona. Baada ya hapo akaongea uchumi wake, kwamba kubishana misaada au biashara ni kupoteza muda, vyote vina kazi yake. Unaweza kumkatalia lakini huwezi kusema hajui anachokiongelea.

Upande wa pili sasa. Mwaka 2012 Amy Cuddy, mwanasaikolojia wa Marekani, alitufundisha kwamba kabla ya usaili simama dakika mbili umejitanua, mikono kiunoni kama shujaa, homoni zako zitabadilika na utajiamini. Hotuba tamu, imetazamwa na mamilioni, na mi namjua zaidi ya mtu mmoja aliyewahi kujifungia chooni kusimama hivyo kabla ya kuitwa ndani. Shida utafiti wenyewe ulikuwa na watu 42 tu. Watafiti wengine waliporudia na watu 200, majibu yaliyotoka 2015 yakaonyesha watu walisema wanajisikia wana nguvu, basi, homoni hazikubadilika. Mwaka uliofuata Dana Carney, mmoja wa waliofanya naye ule utafiti wa kwanza, akatamka hadharani kwamba haamini tena. TED wenyewe wakaongeza maelezo kwenye ukurasa wa video. Lakini nani anasoma maelezo? Video inaendelea kurushwa kwenye magrupu ya WhatsApp kila Jumatatu asubuhi.

Na hao ndo wamezaa kizazi chetu cha semina za fursa. Wamechukua maiki ya shavuni, wamechukua kutembea huku na kule, kimya kirefu kabla ya neno zito, koti bila tai, kila kitu wamechukua isipokuwa lile zizi la ng'ombe. Nilikaa kwenye moja, kiingilio nimelipa vizuri tu na soda juu, jamaa akatuambia tuamke saa kumi alfajiri na tubadilishe marafiki. Dada mmoja nyuma akanyoosha mkono akauliza, samahani kaka, wewe biashara yako ni ipi? Akajibiwa maswali mwisho, na mwisho wakatuuzia kitabu.

Hapo ndo kuna udhaifu hata wa zile nzuri, hazina maswali ya wasikilizaji. Sisi tumezoea kijiweni, mtu akisema jambo anadakwa hapo hapo, wewe uliona au ulisikia? Stejini unaongea, unapigiwa makofi, unashuka. Ndo maana ule ubishi wa Arusha mi nauthamini, hata kama alikuwa ni Bono.

Nimalizie na panya. Mwaka 2010 Bart Weetjens, Mbelgiji, alipanda steji ya Rotterdam kuelezea panya buku wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini, na pia makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Panya wanafundishwa Morogoro, pale SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, wako hapo tangu 2000. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapa akaenda Kambodia, akanusa mabomu zaidi ya 100 na 2020 akapewa medali ya dhahabu Uingereza. Hotuba ya Weetjens ni safi, mwanzilishi ana haki ya kuongelea kazi yake. Ila mi ningependa hizo dakika 18 apewe mmoja wa wale wafundishaji wa Morogoro, aongee Kiswahili chake, na tumuulize. Panya akikwaruza ardhi kama vile kanusa bomu na bomu halipo, ili tu apate ndizi yake ya zawadi, unamgunduaje? Ukiamka una mafua na yeye hasikii harufu yako ya kila siku, anafanya kazi? Na ile siku ya kwanza unamwambia mama mkwe kazi uliyopata ni kufundisha panya, alisemaje?